Matairi Makubwa na Mguu wa Mama Mkwe

Nikipita mbele ya duka la matairi huwa nasimama kidogo, ingawa sina gari tena na miguu yangu yenyewe sasa inahitaji fimbo. Nasimama kwa ajili ya ile harufu ya mpira mpya unaopigwa na jua la asubuhi. Wauzaji hudhani nataka kununua. Nawaambia, "Hapana wanangu, nakumbuka tu," nao huniachia nafasi nikumbuke.

Ninachokumbuka ni pikapu. Ilikuwa mali ya wageni wa misheni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha katika kazi ya uinjilisti, kutoka Kirumba, mjini Mwanza, tulikokuwa tukiishi hadi makanisa madogo ya upande wa Magu. Wageni walipomaliza kazi yao na kurudi kwao, waliniuzia kwa huruma. Mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi yake ililia pale tu ulipokata kona kwenda kulia. Lakini injini ilikuwa njema. Kila asubuhi nilipoiwasha na ikaitika, nilisema asante Mungu, na nilimaanisha.

Taabu yetu ilikuwa matairi. Vijana wa leo hawawezi kuamini kwamba kulikuwa na miaka ambayo tairi liliombwa kwa barua. Uliandika, ukapeleka mkoani, ukasubiri kibali, na kibali kikitoka unakuta tairi lililokuja ni moja, na si la saizi yako. Tulishona matairi kwa uzi wa nailoni kama mtu anavyoshona kiatu. Ndani tuliweka kiraka kilichokatwa kwenye tairi jingine lililokufa. Nilihubiri makanisa mengi nikiwa na mikono myeusi kwa sababu ya pancha, na waumini hawakunishangaa, maana wachungaji wote walikuwa hivyo.

Kisha serikali ikafungua biashara. Bidhaa zikaanza kuingia mjini kama maji yaliyofunguliwa bomba. Sabuni za rangi, redio ndogo, nguo za mitumba, na matairi. Mapya na yaliyotumika, ya kila nchi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliambiwa nichague.

Lakini kabla sijaeleza nilivyochagua, nieleze kwa nini nilihitaji matairi makubwa. Ni kwa ajili ya mama mkwe wangu.

Alikuwa mjane, akiishi kwenye shamba lake la pamba na mpunga, mbele ya Magu, ukiacha barabara kuu na kukata mbuga. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu mweupe, kwanza moja, kisha la pili, mpaka akawa anatambua mchana na usiku tu. Alikuwa mama wa kazi. Kumwona akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoisiliba kwa mikono yake mwenyewe kulimuumiza sana mke wangu.

Mimi kiliniumiza kitu kingine, ambacho sikumwambia mtu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Nikifika kwake nilikohoa mbali, ili ajue nimekuja. Yeye angejifunika kanga na kugeukia pembeni. Hatukugusana, hatukula pamoja, na maneno yetu yalipita kwa mke wangu hata kama tulikuwa tumetengana hatua tano. Walimu wangu wa chuo cha Biblia walitufundisha kupima kila mila kwa Neno, nami niliipima hii kwa miaka mingi, na kila mara nilikuta ndani yake heshima tu. Kwa hiyo niliishika. Sasa, mama alipopofuka, aliendelea kujifunika na kugeuka kila aliponisikia nakohoa. Ila hakujua niliposimama. Mara nyingi alipogeuka kunikwepa, aligeukia upande wangu hasa. Ningejiondoa polepole, nizunguke nyuma ya nyumba, ili heshima yake ibaki kama alivyokusudia. Alikuwa hajui. Mke wangu alijua, na alitazama chini.

Mwaka huo, katikati ya masika, ilitangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitali moja ya mjini. Wangekaa majuma mawili, na la kwanza lilikuwa limekwisha, wakiondoa ukungu kama ule wa mama, kisha waende zao. Mke wangu hakungoja ibada iishe. Alinigeukia katikati ya tangazo.

"Baba, tutampataje?"

Hilo lilikuwa swali zito, kwa sababu masika ile mbuga hupitwa na ng'ombe tu. Udongo wake mweusi ukilowa unashika gurudumu, unajisokota ndani ya madgadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, na gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Mwaka uliotangulia nilikwama pale tangu asubuhi hadi saa tisa, nikavutwa na maksai wanne, huku mwenye maksai akiniuliza kama bado naamini maombi. Nilimwambia naamini, na kwamba maksai wake ndio jibu. Alicheka, lakini alinifundisha jambo. Alisema, "Mwalimu, hivyo vigurudumu vyako ni vya mjini. Tafuta vyenye miguu mirefu."

Basi Jumatatu nilikwenda mjini kwenye duka la matairi, nikiwa na fedha za pamba ya shamba langu dogo mfukoni. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi na adabu nyingi vilevile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka matairi."

"Ya gari gani?"

Nilimwonyesha pikapu, imeegeshwa ng'ambo ya barabara kwenye mteremko, kwa kuwa starta nayo ilikuwa na siku zake. Aliitazama kwa muda.

"Hiyo gari mzee, au ukumbusho?"

"Inatembea."

"Nimeiona inatembea. Nilidhani inasukumwa na upepo wa ziwa."

Alinibiringishia matairi mbele yangu, moja baada ya jingine, akiyalaza kama mtu anayetandaza vitambaa. La kwanza lilikuwa jipya, lenye mistari myembamba. "Hili la lami. Ukienda nalo mbugani tutakuona kiangazi." La pili lilikuwa limetumika huko lilikotoka, kashata zake za kukanyagia zimebaki nusu. "Hili limekwishasafiri kuliko mimi na wewe." La tatu alilileta kwa mikono miwili. Lilikuwa pana na refu, kashata zake zimesimama kama meno ya trekta, zenye nafasi kati yake kiasi cha kuingiza vidole viwili. "Hili likikanyaga tope, tope linaomba radhi."

Gari langu lilizoea matairi yenye upana wa inchi sita na nusu. Lile lilikuwa saba na nusu, rimu ileile ya kumi na sita. Niliinama nikapitisha vidole kwenye zile kashata. Mtu aliyepewa tairi moja kwa barua miaka yote hajui kuchagua kati ya matatu. Nilivua kofia, nikafumba macho palepale dukani, nikamwomba Mungu aniongoze. Nilipofumbua, kijana naye alikuwa amevua kofia yake.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Bado. Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema hilo kubwa. Lakini mimi nauza, usinisikilize sana. Muulize fundi wako."

Fundi wangu alikuwa mzee wa gereji ya Kirumba, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni. Nilinunua yale makubwa manne nikampelekea, akayapima kwa kamba yenye mafundo, akapima nafasi ya madgadi, akatikisa kichwa.

"Yataingia. Lakini usukani utakula mabega yako, na itakuwa nzito kuondoka mlimani. Na ukipakia mzigo, yatasugua."

"Tufanye nini yasisugue?"

"Tunaiinua."

Tuliweka mifuko ya mchanga nyuma, tukakata kona kulia, na kweli tukasikia tairi likilamba bati. Fundi akaongeza majani ya springi mbele na nyuma, akaweka na vipande vya chuma chini ya bodi. Siku mbili zikaisha. Pikapu ilisimama juu kwa zaidi ya kiganja kilichonyooshwa, ikawa kama ng'ombe aliyekonda anayetazama juu ya ua. Nilifurahi. Nilizunguka nikiitazama kama mtu aliyevaa suti ya kwanza.

Kitu kimoja kilibaki. Chini ya mlango wa nyuma kulikuwa na ngazi ya chuma, ngazi moja tu, iliyochomelewa na wale wageni wa misheni. Ilining'inia chini kuliko kitu kingine chochote, na mwaka uliopita ilikuwa imechimba tope kama jembe.

"Hii ndiyo iliyokukwamisha zaidi," fundi alisema.

"Ikate."

Aliniangalia. "Nikate?"

"Ikate, mzee mwenzangu. Sitaki kitu cha kushika tope."

Akaikata. Nakumbuka cheche zikiruka, na mimi nimesimama kando nikishukuru.

Tuliondoka asubuhi, ikiwa imebaki siku moja tu kabla madaktari hawajafunga kazi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mke wangu alikaa karibu nami, amekumbatia blanketi na kigoda cha mama cha kukalia, maana mama hangeweza kukaa mbele na mimi. Angekaa nyuma chini ya turubai, na binti yake pembeni. Tulipoacha barabara kuu na kuingia mbugani, mke wangu akaanza kuimba pambio polepole, lile analoimba akiogopa. Matairi yalizama, yakatafuta, yakashika. Tope liliruka hadi kwenye kioo. Usukani ulikula mabega kama fundi alivyosema. Tulipita mahali pale nilipokwama mwaka jana, na yule mwenye maksai alikuwa kwenye mpunga wake. Alinyoosha mgongo akatutazama tukipita. Nilitaka kupiga honi, lakini barabara pale ilikuwa imenyooka.

Kufika uani kwa mama nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nilikohoa. Mama alikuwa tayari, amevaa gauni lake la kanisani, amefunga mzigo wake mdogo. Alijifunika, akageuka. Aligeukia kwangu. Nikasogea nyuma ya gari.

Mke wangu alimshika mkono hadi kwenye mlango wa nyuma. Mama alinyanyua mguu kutafuta ile ngazi aliyoizoea. Mguu haukukuta kitu. Akaushusha, akaunyanyua tena, akapapasa hewani.

"Ngazi iko wapi?" aliuliza.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama matairi yangu.

"Ilikatwa, mama."

"Ilikatwa na nani?"

Mama alinyoosha mkono, akapapasa tairi kutoka chini hadi juu, akakuta ukingo wa bodi ukiwa karibu na kifua chake.

"Mwambie baba watoto, nilidhani anakuja na gari. Kumbe amekuja na twiga."

"Amekusikia, mama."

"Najua amenisikia. Wewe mwambie."

Mke wangu aliniambia. Nilijibu kwamba nimekosa, naye akalipeleka jibu langu hatua tatu.

Tulijaribu kigoda. Kilikuwa kifupi, na kwenye udongo ule ulioloa kilizama upande mmoja. Mama akayumba, mke wangu akamdaka. Yeye peke yake hangeweza kumnyanyua, ni mwanamke mwembamba na mama alikuwa na mwili. Mimi ningeweza kumbeba kama mtoto, lakini mikono yangu ndiyo iliyokuwa imekatazwa. Shemeji zangu walikuwa wamehamia visiwani kuvua. Mke wangu akasema atakimbia kuita majirani, wanaume wawili wamnyanyue.

"Hakuna atakayeninyanyua," mama alisema.

"Mama, leo ndiyo siku. Kesho wanafunga."

"Baba yako alinyanyuliwa. Watu wanne walimpandisha kwenye lori, akapelekwa, akarudi amelala. Mimi nikienda, nitapanda kwa mguu wangu. Nisipopanda, nitabaki na giza langu, nimekwishalizoea."

Alisema bila hasira. Akajirudisha hadi kwenye ukuta, akakaa chini. Mvua ya rasharasha ikaanza. Niliegemea bati la pikapu, nikajiona mpumbavu kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa nimepima mbuga, nimepima tope, nimepima madgadi kwa kamba. Nilikuwa nimemwomba Mungu juu ya tairi. Sikuwa nimepima mguu wa mama mzee, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimefanya yote. Niliomba tena, safari hii bila kuomba tairi wala njia. Nilisema tu, Bwana, umenileta hapa.

Ndipo mama akainua kichwa.

"Lile ghala bado lipo?"

"Ghala gani?" mke wangu aliuliza.

"La chama. La pamba."

Lilikuwepo, nusu kilomita kutoka pale. Zamani, enzi za chama cha ushirika, kila mkulima alipeleka pamba yake pale na kusubiri foleni. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, walikuja na mizani zao na kununua barabarani, na ghala likabaki na popo. Mbele yake palikuwa na jukwaa la saruji, mahali malori yalipokuwa yakirudi nyuma kupakia marobota.

"Niongoze huko," mama alisema. "Ngazi zake ni saba. Nimezipanda na pamba kichwani kabla wewe hujazaliwa. Mwambie mumeo alete twiga wake pale."

Walitangulia kwa miguu, mama na fimbo yake, binti amemshika kiwiko. Mimi niliwafuata kwa gia ya kwanza, mbali kidogo, nikiwatazama kupitia kioo chenye tope. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za jukwaa. Mama alipofika alivua viatu. Nilimsikia akihesabu, maana injini ilikuwa inanguruma chini tu. Moja. Mbili. Alipofika saba alisimama, akakanyaga saruji kwa nyayo zote mbili, akatabasamu kama mtu aliyerudi nyumbani.

Nilirudisha gari nyuma polepole. Kwa matairi ya zamani, bodi ingekuwa chini sana ya jukwaa, shimo la kumtisha hata anayeona. Sasa lilikuwa chini kidogo tu, urefu wa hatua ya kuingia mlangoni. Mke wangu alishuka kwanza. Mama alitanguliza fimbo, akagonga bodi, akapima. Kisha akashusha mguu wake mwenyewe, halafu wa pili. Akakaa kwenye kigoda, akajifunika blanketi.

"Mwambie baba watoto," alisema, "sasa urefu umetosha."

Tulirudi kwa njia ileile. Yule mwenye maksai alituona tena, safari hii akainua mkono. Mwanza haina uhaba wa mawe, na karibu na hospitali nilipata jiwe tambarare kando ya barabara, nikarudisha gari hapo, mama akashuka vilevile, kwa mguu wake. Walimpokea akiwa kati ya watu wa mwisho. Asubuhi iliyofuata walimwondoa ukungu wa jicho la kulia. La kushoto walisema limechelewa.

Hakuweza kulala nyumbani kwangu, kwa hiyo alipewa chumba na mjane mmoja wa kanisa letu, na mke wangu alikuwa akienda kumtazama asubuhi na jioni. Mimi sikwenda. Nilipeleka pikapu kwa fundi. Aliponiona naingia alichukua kile kipande cha ngazi pembeni ya karakana, hakuwa amekitupa.

"Nilijua utarudi," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama nikate, mwalimu. Ulikuwa unashukuru."

Aliichomelea upya, akaongeza na ngazi ya pili chini yake, ya kukunja, inayofungwa juu kwa ndoano wakati wa tope. Niliikanyaga mara nyingi kuipima, nikipanda na kushuka, nimefumba macho.

Siku ya kumrudisha mama nyumbani nilifika uani kwa yule mjane kabla ya saa nne. Bandeji ilikuwa imetolewa siku mbili kabla, lakini mke wangu alikuwa hajataka kunieleza chochote. Alisema tu, "Njoo utaona." Mama alikuwa ameketi kibarazani, jua linampiga magotini. Niliegesha, nikashuka, nikasahau kukohoa.

Alikuwa anaitazama pikapu. Alianzia chini, kwenye matairi, akayatazama kwa muda mrefu, kashata na tope lake lililokauka. Akatazama ngazi mbili. Akapanda na macho kwenye bodi, kwenye ile kamba ya katani ya mlango, akicheka kidogo peke yake. Kisha jicho lake likasogea kando ya mlango, likafika nilipokuwa nimesimama.

Akavuta kanga haraka. Akageuka, uso wote, upande wa ukuta, mbali nami kabisa.

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika mzigo. Aliuweka chini, akafuta macho kwa kiganja. Mimi nilivua kofia, nikazunguka upande wa pili wa gari nisimsumbue, nikasimama pale nikimshukuru Mungu, mpaka niliposikia mguu wake ukikanyaga ngazi ya kwanza, kisha ya pili.